Randa na Jembe Vimekosa Nini Katika Shule za Kanisa?

Katika shule zisizo chache za sekondari za Kanisa Katoliki nchini, mwanafunzi anapomaliza Kidato cha Pili hukabidhiwa fomu ya kuchagua masomo. Kwa jina huo ni uchaguzi. Kwa hakika ni hukumu. Wenye alama za juu hupangiwa Fizikia na Kemia. Wanaowafuatia husukumwa kwenye masomo ya biashara, na waliobaki hutupiwa masomo ya sanaa kama makombo ya karamu. Haiulizwi mtoto ana kipawa gani, wala taifa lina haja gani. Linaloulizwa ni moja tu: ni mpango upi utakaoipatia shule Daraja la Kwanza nyingi zaidi?

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora katika matokeo ya kitaifa. Lakini mabango yangali yametundikwa malangoni, na ada zinapanda kwa kufuata mabango hayo. Shule inayoishi kwa bango haiwezi kumruhusu kijana wa alama za wastani ashike Fizikia, hata kama mikono yake inafahamu mitambo kuliko wenzake wote, maana akipata D ataichafua sura ya shule. Hivyo mtoto aliyepelekwa kujengwa na shule anageuzwa kuwa tofali la kuijengea shule jina.

Ugonjwa huu si mgeni. Elimu ya misheni enzi za ukoloni ilikusudiwa kutoa makatekista, walimu na makarani. Haitakuwa haki kuikana sifa yake: iliwafunza wengi kusoma, na hata Mwalimu Nyerere alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, hadi 1955, alipouacha ualimu kwa ajili ya kazi ya ukombozi. Lakini ni Mwalimu huyo huyo ambaye, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alilaumu elimu inayowabagua wachache, inayomtenga kijana na jamii yake, na inayomfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Sheria ya Elimu ya 1969 ilifungua njia ya kuziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku mikononi mwa Serikali, na seminari zikabaki kwa Kanisa. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu.

Watetezi wa mpango wa mabango wana hoja zao, nazo zisikwepwe. Wanasema karakana ni ghali, mwalimu wa ufundi ni adimu, na mzazi anayelipa ada anataka daktari, hataki seremala. Tena wanakumbusha kwamba hata katika shule za umma michepuo ilidhoofika: mashine ziliharibika zikakosa vipuri, na shamba la shule likawa mahali pa adhabu badala ya darasa. Hayo ni kweli. Lakini michepuo haikudhoofika kwa sababu wazo lake lilikuwa bovu. Ilidhoofika kwa sababu mtihani uliendelea kupima kukariri, na jamii ikaendelea kumheshimu mwenye tai kuliko mwenye nyundo. Shamba linapogeuzwa adhabu, mwenye kosa ni aliyeligeuza. Jembe halina hatia.

Leo dola imefungua tena mlango huo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka mikondo miwili ya sekondari, wa elimu ya jumla na wa amali, na utekelezaji wake ulianza 2024. Mwezi Machi mwaka huo huo zikatangazwa tahasusi 65 za Kidato cha Tano, 49 kati yake zikiwa mpya. Lakini tahasusi 65 katika waraka si chochote kwa binti ambaye shule yake inafundisha tatu tu. Uchaguzi wa kweli unahitaji mwalimu, chumba, kifaa na nia. Shule za Kanisa zilizo maarufu, zenye nidhamu, ardhi na wafadhili, ndizo zenye uwezo wa kuongoza njia. Zikiuacha mkondo wa amali uende kwa shule maskini peke yake, zitakuwa zimeliambia taifa kwamba kazi ya mikono ni fungu la watoto wa maskini.

Na hapa ndipo jambo linapotia uchungu, kwa sababu Kanisa hili lina urithi usiofanana kabisa na dharau hiyo. Wabenedikto walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 walifuata kanuni inayounganisha sala na kazi ya mikono. Mahali pao palijulikana kwa useremala, uashi na uchapaji kama palivyojulikana kwa ibada. Wasalesiani wa Don Bosco, walioingia nchini mwaka 1980, wameendelea kufundisha vijana ufundi. Tangu 1955, Kanisa lenyewe huadhimisha kila Mei Mosi sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Je, ni halali shule ibatizwe kwa jina la seremala huyo, na ndani ya ua wake isipatikane randa hata moja?

Yanayotakiwa yanawezekana. Kila shule imweleze mzazi, kabla hajalipa hata senti, ni masomo gani yanayofundishwa kweli na walimu waliopo, si yale yaliyopamba kipeperushi. Kila shule yenye uwezo ianzishe fani moja ya amali na kuitahini kwa dhati, na wasichana wafunguliwe karakana ya umeme na mitambo kama wanavyofunguliwa maabara. Mwanafunzi asizuiwe kusoma somo kwa hofu ya wastani wa shule. Wathibiti ubora wa elimu nao wasitosheke na matokeo yaliyobandikwa ukutani. Waulize waliozuiwa ni wangapi, na kwa nini.

Wazazi nao wana deni lao. Anayemlazimisha mwanawe udaktari ili ajivunie mbele ya majirani hana tofauti na mkuu wa shule anayewinda bango. Nchi inayojenga reli, mabwawa na viwanda inamhitaji daktari, na inamhitaji pia fundi aliyesoma, mkulima anayejua kupima udongo, na mhasibu asiyeiba. Shule inayowadharau watatu ili impate mmoja haijafaulu, hata kama bango lake linaonekana toka barabara kuu.