Ushuhuda wa jikoni nao usikike

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wachungaji wetu. Siku hizi muda wa ushuhuda kanisani umejaa magari, viwanja na viza. Tunamshukuru Mungu kwa hayo yote, lakini waumini wengi wanatoka ibadani wakidhani maisha yao hayana cha kushuhudia.

Jirani yangu, mama lishe, huamka alfajiri kukanda unga wa maandazi huku akiimba Tenzi za Rohoni kwa sauti ya chini. Andazi la kwanza likivimba kwenye karai, husema, "Asante, Baba." Hiyo nayo ni ibada, tena inapendeza mno!

Kuridhika kwa namna hii si jambo jipya: Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi habari zake akiwa kifungoni. Bruda Lawrence, mtawa Mkarmeli aliyefariki Paris mwaka 1691, alizungumza na Mungu katikati ya masufuria ya jiko la monasteri.

Na mtu asidhani kuridhika ni kubweteka. Mama huyu hapunguzi bei ovyo, na ada ya watoto hulipwa kwa wakati.

Wachungaji, Jumapili ijayo wapeni kina mama kama huyu kipaza sauti.

Msomaji wenu,
Moshi