Mpiga kura apimwe akili? Tanganyika ilikwisha kujaribu

KILA uchaguzi unapomalizika hapa nchini huibuka hoja ile ile kutoka kwa watu waliokwenda shule, kwamba taifa linaumizwa na wapiga kura wasiojua wanachokichagua. Mtu akiketi stendi ya Njombe mjini, au kwenye magenge ya wauza mbao pale Makambako, hatakawia kumsikia mtumishi mstaafu au mwanafunzi wa chuo akisema kuwa anayeuza kura yake kwa fulana, kofia na kilo moja ya sukari hastahili kuwa nayo. Kutoka hapo ni hatua moja tu kulifikia pendekezo lenyewe: kabla ya mtu kuandikishwa katika Daftari la Kudumu la Wapigakura apimwe akili na uelewa, akifaulu apewe kadi, akishindwa arudi shambani.

Pendekezo hili halistahili kujibiwa kwa kejeli, kwa sababu limezaliwa na uchungu wa kweli. Kasoro ni kwamba wanaolitoa hudhani ni jambo jipya. Nchi hii ilikwisha kuwachuja wapiga kura wake kwa elimu na kwa mfuko, na babu zetu wa Kifanya na vijiji vingine vya Ubena ni miongoni mwa waliochujwa.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Ili mtu aandikishwe ilimpasa awe ametimiza miaka 21, kisha awe na walau moja kati ya sifa tatu: elimu ya darasa la nane, kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au wadhifa uliotajwa katika sheria. Aliyevuka kizingiti hicho alitakiwa kupiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu na moja kwa Mwasia. Ndiyo maana wazee huuita uchaguzi huo wa kura tatu.

Tumfikirie mkulima wa Kifanya wa mwaka ule. Shule nyingi za vijijini ziliishia darasa la nne, na nafasi za kuendelea hadi la nane zilikuwa chache mno. Shilingi 3,000 kwa mwaka hakuweza kuziota, hata kama angeuacha ulezi wake na kwenda kuwa kibarua katika mashamba ya miwati ya Kibena. Huenda mtu huyo ndiye aliyeitwa majirani walipogombania mpaka, na neno lake likamaliza ugomvi. Mbele ya karani wa uandikishaji alihesabiwa kuwa hajafikia kiwango cha kufikiri juu ya nchi yake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sharti lile halikupima akili ya mkulima huyo. Lilipima kama serikali ilikuwa imemjengea shule, na aliyepaswa kujenga shule ndiye huyo huyo aliyetunga sharti. Matokeo yake, katika nchi ya watu wapatao milioni 8.8 kwa hesabu ya mwaka 1957, walioandikishwa katika awamu zote mbili hawakufika 60,000.

Masharti hayo nusura yaivunje TANU. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 wajumbe wengi walitaka uchaguzi ususiwe, na ilimlazimu Mwalimu Nyerere atumie ushawishi wake wote ili chama kikubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa na kuunda chama chake cha ANC. Ajabu ni kilichofuata. Watu wachache waliofaulu kupita katika tundu lile, makarani, walimu, wafanyabiashara, waliwachagua wagombea wa TANU na wale waliokubaliwa na TANU, huku UTP, chama kilichopendwa na Gavana Twining, kikiambulia patupu. Mtihani ulitoa watahiniwa waliomkataa mtahini.

Kuanzia hapo lango lilipanuliwa haraka. Kwa uchaguzi wa 1960 masharti yalilegezwa, na walioandikishwa wakafika takriban 885,000. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa kwanza wa Rais, kila mtu mzima alikuwa na haki ya kupiga kura, awe anajua kusoma au hajui.

Je, hao wasiojua kusoma walichagua ovyo? Tuutazame mwaka 1965. Uchaguzi ulikuwa wa chama kimoja, na katika majimbo mengi TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba ili asiyejua herufi asibabaishwe. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, akaangushwa. Amir Jamal, mwenye asili ya Kiasia, akarudishwa bungeni na wapiga kura wa Morogoro. Mtu anaweza kubishana na chaguo moja moja, lakini watu wanaomwondoa waziri mzito na kumbakiza mwingine bila kujali rangi yake hawawezi kuambiwa kuwa hawana kipimo.

Jirani zetu wa Kenya walipewa dawa kali zaidi. Katika uchaguzi wa Waafrika wa Machi 1957, elimu, kipato, mali, umri na utumishi vilihesabiwa, na mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu kwa sifa zake. Hilo linakaribiana na alilopendekeza mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill mwaka 1861, kwamba waliosoma wapewe kura nyingi zaidi. (Mill aliongeza kwamba wasiojua kusoma, kuandika na kuhesabu wasipige kura kabisa, ila alisisitiza kuwa elimu ifikishwe kwa wote kwanza, sehemu hiyo ya pili wafuasi wake wa vijiweni huisahau.) Lakini Kenya, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitakiwa pia kuwa na hati ya kuthibitisha utiifu wao kwa serikali. Kipimo kilichoanza na elimu kikaishia kwenye utiifu.

Marekani nayo inajulikana. Katika majimbo ya kusini, Mississippi ikitangulia mwaka 1890, raia aliambiwa asome au afafanue kifungu cha katiba, na karani wa uandikishaji ndiye aliyeamua kama ufafanuzi unatosha. Watu weusi wenye shahada walishindwa, weupe wasiojua kusoma wakapita. Mchezo huo ulibanwa na sheria ya mwaka 1965.

Atakayejibu kwamba hayo ni ya Wazungu na wakoloni akumbuke Novemba 2019. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka huo, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa maelezo kwamba wamekosea kujaza fomu. Walioamua nani amekosea walikuwa watumishi wa umma. CHADEMA na vyama vingine vikajitoa, na CCM ikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Fomu ile ilikuwa ya mgombea tu, nayo ni karatasi ya kujaza jina, umri na kazi. Sasa tuwape mamlaka hayo hayo ya kusahihisha majibu ya wapiga kura zaidi ya milioni 37, idadi iliyokuwamo katika daftari la Oktoba 2025. Nani atatunga maswali? Nani atasahihisha ya mkulima wa Kifanya ambaye kijiji chake kinajulikana kimeegemea upande gani?

Katiba yetu ya mwaka 1977 imelipanga jambo hili kwa namna ambayo wengi hawaitazami. Ibara ya 5 inampa haki ya kupiga kura kila raia aliyetimiza miaka 18, na miongoni mwa sababu chache za kumzuia imo ya ugonjwa wa akili. Ukosefu wa elimu haumo. Sharti la kujua kusoma na kuandika, kwa Kiswahili au Kiingereza, limo katika Ibara ya 67, na linamhusu anayetaka ubunge. Anayeomba kukabidhiwa madaraka ndiye anayepimwa, wala si anayeyakabidhi.

Tena ile fulana na ule mfuko wa sukari vina historia. Mwaka 2000 Bunge, lililojaa watu waliofaulu mitihani mingi, liliingiza katika sheria ya uchaguzi ruhusa ya takrima, na mgombea akaweza kutoa ukarimu kwa wapiga kura pasipo kuhesabiwa kuwa ametoa rushwa. Ilibidi asasi za kiraia, kikiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ziende Mahakama Kuu, nayo ikavifuta vifungu hivyo Aprili 2006. Kwa miaka sita mama wa kijijini aliyepokea khanga hakuwa amevunja sheria yoyote. Wasomi walikuwa wameihalalisha kwanza. Ukimwadhibu leo kwa kumnyang'anya kadi, aliyegawa khanga atabaki na kadi yake, na pengine na kiti chake.

Na mama huyo anaamua mambo mazito tayari. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haigawiwi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, na mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi mtu mzima. Katika mkoa huu ambako kila mwenye fedha anatafuta eneo la kupanda misonobari au parachichi, mkono wake unaweza kuamua wajukuu watalima wapi kwa miaka 30 ijayo. Hakuna anayependekeza kumpima akili kabla ya kuunyoosha mkono huo, na mwekezaji anayeihitaji ekari zake hatakuwa wa kwanza kupendekeza.