MGENI NA LUGHA YA WENYEJI



Yako maneno mengi katika mabaraza yetu juu ya wageni wanaoingia nchini kufanya kazi, ya kwamba imewapasa kujifunza Kiswahili. Mhandisi wa barabara, mwalimu wa kujitolea, mnunuzi wa pamba, wote twataka waseme nasi kwa lugha yetu. Maneno hayo ni ya haki, nami nayaunga mkono. Lakini leo nataka tuyafuate mpaka mwisho wake, kwa kuwa naona wengi wetu huushika upande mmoja unaowafaa, na upande wa pili huutupa.

Tuanze na Sheria. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yamtaka mgeni aombaye uraia awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au wa Kiingereza. Neno hilo "au" silipendi. Kwa neno hilo mtu aweza kuwa raia wa Tanzania naye hawezi kuamkiana na jirani yake wala kufuata shauri la mkutano wa kijiji. Watazameni wakimbizi wa Burundi waliokuja mwaka 1972, wakawekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walikuja wakikimbia mauti. Hata hivyo watoto wao walisoma katika shule za nchi hii kwa Kiswahili, na zaidi ya watu 160,000 katika jamaa hizo wakapewa uraia. Ikiwa mkimbizi aliweza, mtu ajaye kwa ndege na mkataba wa mshahara ana udhuru gani?

Basi, hoja yetu ina msingi gani? Msingi wake ni kwamba ajaye ndiye ajifunzaye, wala si mwenyeji aliyekutwa kwake. Tena yule mwenye elimu, mshahara na amri ndiye apasaye kuchukua mzigo kabla ya asiye na kitu. Kama msingi huo ni wa kweli kwa mgeni atokaye ng'ambo, je, si wa kweli kwa mtumishi aliyezaliwa Moshi, Tanga au Songea, akaletwa Bariadi?

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 walikutwa watu 2,140,497. Wengi wao ni Wasukuma. Vijana wamesoma, na Kiswahili wanakijua vema. Lakini nendeni Itilima, Meatu au vijiji vya ndani vya Bariadi, mkawasikilize wazee, hasa akina mama ambao hawakupelekwa shule. Wako ambao Kiswahili chao ni cha salamu na cha sokoni. Hao ndio wanaokuja mbele ya meza zetu na shauri la shamba, la mirathi au la ugonjwa.

Nimeshuhudia, mahali ambapo sitapataja, mama mmoja akieleza maradhi ya siri ya mwili wake, na aliyeitwa kuwa mkalimani ni mlinzi wa lango. Mama yule alinyamaza katikati ya maneno, akatazama chini, akapewa dawa kwa nusu ya habari. Aliambiwa kidonge kimoja kutwa mara tatu. Sijui mlinzi alimfikishiaje. Mwenzetu aliyekuwa mezani alikuwa na miaka sita katika wilaya hiyo, naye hakuwa amejifunza hata kuuliza, "Waumwa wapi?" Hakuna aliyemwona kuwa na kosa. Kama angalikuwa daktari wa Kizungu asiyejua Kiswahili baada ya miaka sita, tungalimwandika gazetini.

Wakumbukeni waliotutangulia. Mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serkali, ofisa wa Kiingereza alipaswa kufanya mtihani wa Kiswahili. Huyo alikuwa mtawala, wala hakuja kutupendeza. Lakini alijua ya kuwa asiyesikia hawezi kutawala. Hata hivyo mahali ambapo Kiswahili hakikufika alimtegemea karani na tarishi, na kila asimamaye katikati ya maneno ya watu wawili aweza kuyapunguza, kuyaongeza, na kuyatoza ada. Je, twataka kuirithi desturi hiyo na kuiita utumishi?

Nayajua majibu mtakayonipa. La kwanza ni kwamba jambo hili litaleta ukabila. Mtasema Taifa limejengwa kwa Kiswahili, na mwaka 1967 Serkali iliamuru shughuli zake zifanywe kwa Kiswahili. Hayo ni kweli tupu, wala sitaki kuyagusa. Kumbukumbu za mikutano, barua na hati zibaki katika Kiswahili. Lakini kumsikiliza mzee kwa lugha yake si kuandika hati. Ukabila ni kumpendelea mtu kwa kabila lake. Kumwelewa ili apate haki yake sawasawa na mwingine ni kinyume cha ukabila.

La pili ni uhamisho. Mtasema mtu hukaa miaka michache akaondolewa, na juhudi zake zikapotea. Haitapotea. Kisukuma chasemwa Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita, nacho ni jamaa ya karibu sana na Kinyamwezi. Wafugaji wa Kisukuma wamehamia na ng'ombe wao mpaka Rukwa, Katavi na Morogoro. Nao wafugaji hao, huko waendako, ni wageni, na sharti ni lile lile juu yao: wajifunze Kiswahili, wasiwapite wenyeji kana kwamba nchi haina watu.

La tatu ni subira, kwamba kizazi kijacho chote kitajua Kiswahili. Huenda ikawa hivyo. Lakini mgonjwa wa leo hangoji kizazi kijacho. Mwaka 2021 Sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, tulishangilia sote, kwa kuwa si haki mtu ahukumiwe kwa maneno asiyoyafahamu. Haki hiyo haikomi mlangoni mwa mahakama.

Kwa hiyo natoa shauri kwa Chama. Kwanza, tawi letu lifungue darasa la jioni, mara mbili kwa juma, na walimu wawe wazee wa hapa hapa, walipwe katika mfuko wa ada zetu. Pili, kila mwanachama mgeni ajipe miezi sita aweze kuamkia, kuuliza jina, kijiji, shida na siku, na kuhesabu. Anayejua kusema "Mwangaluka" asubuhi na "Mwadila" jioni amekwisha kufungua mlango. Aingie ndani sasa. Tatu, katika zahanati na katika mashauri ya ndoa asitumiwe mkalimani wa kuokotwa njiani. Atafutwe mtu mwenye kiapo cha kutunza siri. Baada ya hayo ndipo tuiombe Serkali, kwa uso mkavu, ilifute lile neno "au" katika Sheria ya Uraia.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tu wageni hapa. Mwenyeji ataponaje, ikiwa mgeni hawezi kusikia anapoumwa?

Asiyekubaliana nami na aandike katika toleo lijalo; hoja zake nitazisoma kwa heshima.

Wasalaam,
Mimi mwenzenu,
Karani, Bariadi.