Maziwa kwanza, dawa nyuma



Kila mwaka tunaona jambo moja katika paseli zetu. Mutu anapokea mushahara, anaweka kidogo kando, ananunua ngulube jike. Inazaa bana kumi, nyumba yote inafurahi: minervali imepatikana! Kisha bana wanatengwa na mama yao, wanaanza kuharisha, wanabaki watatu. Makuta imekwenda.

Ndipo tunakimbilia soko, tunanunua antibiotiki ya watu, tunafungua kapsule ndani ya chakula. Sisi wa sendika tunasema: tuache. Tunajua kosa hii, sababu tuliifanya sisi wenyewe. Mikrobe inazoea dawa, na kesho mutoto wetu akigonjwa, dawa ile ile inashindwa.

Mwana-ngulube anazaliwa bila kinga. Yeye si kama mutoto wa mutu: tumboni damu ya mama haimupi kinga. Anaipata katika maziwa ya kwanza, yale mazito, na tumbo lake linaipokea karibu siku moja tu. Kisha mulango unafungwa. Ndani ya maziwa kuko pia protini moja, laktoferini, yenye kushika chuma. Mikrobe mingi ya kuharisha inahitaji chuma ili iongezeke. Ikikikosa, inalegea.

Kule Ulaya walikataza antibiotiki za kukomalisha wanyama tangu tarehe 1 Januari 2006. Mwaka 2022 wakakataza pia dozi kubwa za oksidi ya zinki kwa bana-ngulube, sababu zinki inatoka na mavi, inabaki katika udongo. Watu wa Kipushi hawana haja ya kufundishwa juu ya zinki. Ndiyo maana bafugaji wa kule wanatafuta njia ingine, na protini za maziwa ni moja kati yazo. Lakini tusidanganyane: maziwa haiponyeshe homa ya ngulube, ile peste. Ile haina dawa.

Sasa sisi tufanye nini? Unga wa maziwa ni bei kali, na kopo ya mutoto ibaki ya mutoto. Tuanze na ile ya bure. Ngulube ikizaa, mutu mumoja akeshe pale, kila mwana afike kwenye ziwa, mwenye kuwa zaifu awe wa kwanza. Tusiwatenge mbele ya juma sita, hata kama munuzi iko anabisha mulango. Chakula ingine tuwazoeshe polepole wangali na mama. Na kama tunataka unga wa maziwa ya wanyama, tuchange pamoja watu kumi, tununue mufuko mumoja, tuulize veterineri kipimo.

Mushahara tunaupigania pamoja. Kwa nini ngulube kila mutu anaipoteza peke yake?