Busia: Mpaka mmoja, njia mbili za elimu ya awali

Kaunti ndogo ya Buhehe, wilayani Busia mashariki mwa Uganda, haiko mbali na mpaka wa Kenya. Wasamia wa eneo hilo wana ndugu zao ng'ambo, na Wateso nao wamegawanywa na mpaka huo uliochorwa enzi za ukoloni. Lakini inapofika zamu ya chekechea, mtoto wa upande mmoja hatazamwi na serikali yake kama binamu yake wa upande wa pili.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti. Kaunti ya Busia, kama kaunti nyingine 46, ndiyo inayowajibika kwa walimu na madarasa ya miaka miwili inayotangulia darasa la kwanza.

Uganda ilifuata njia nyingine. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ulioanza mwaka 1997, huanzia darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaitambua elimu ya awali kuwa ngazi ya kwanza ya masomo, ila gharama zake zimeachiwa wazazi na watu binafsi.

Kwa hiyo, katika wilaya za Busia na Tororo, wanamoishi Wasamia, Wagwe, Wateso na Wajopadhola, kinachowatenganisha watoto mapema si kabila bali ada. Mwenye uwezo humpeleka mwanawe chekechea ya kulipia, ambako mara nyingi Kiingereza hutangulizwa. Asiye nao humweka nyumbani, au humwandikisha darasa la kwanza kabla hajatimiza miaka sita.

Mtaala wa mwaka 2007 unataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo. Palipo na mchanganyiko wa lugha, hutumika Kiingereza. Hapo aliyekosa chekechea huachwa nyuma tangu siku ya kwanza.

Kiswahili, lugha ya biashara mpakani, kingeweza kuwaunganisha. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, mtoto hushika lugha kwa wepesi zaidi katika umri ambao bado hana darasa la umma.

Kutajwa katika Katiba pekee hakujengi madarasa, na ubora nchini Kenya hutegemea bajeti ya kila kaunti. Ila mzazi wa huko anajua ofisi ya kuidai haki hiyo. Mwenzake wa Buhehe hana pa kubisha hodi.