Salio Lisitumwe Bila Jina





Ninafundisha katika kijiji cha wavuvi, kaskazini ya Kigoma mjini. Wengi hapa hununua salio la simu kwa kumtajia muuza duka namba, naye hulituma kutoka simu yake. Namba ina tarakimu 10. Moja tu ikikosewa, salio limekwenda kwa mtu mwingine.

Hivi karibuni mzee mmoja alipoteza shilingi 1,000 namna hiyo, usiku ambao mwanawe alikuwa ziwani kuvua dagaa na upepo umechafuka. Muuzaji akasema, "Mimi nimekwisha tuma." Kampuni ya simu nayo ikajibu kwamba aliyepokea amekwisha litumia. Je, hiyo ni haki?

Ukituma fedha kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Majina yapo, laini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019. Mbona mzee huyu hakuonyeshwa jina?

Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano iyabane makampuni. Wauzaji nao wamsomee mteja namba kwa sauti kabla ya kubonyeza, si baada.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kigoma.