Daktari Wetu Akaguliwe, Nasi Tuambiwe

Kuna jambo moja ambalo wananchi wa Mbeya na Iringa walijua vema, lakini hawapendi kulisema mbele ya wageni. Wakaguzi wa afya wakija kukagua zahanati ya mtu binafsi, habari zao hufika kabla yao. Gari la serikali likionekana tu penye kituo cha mafuta, mwendesha bodaboda mmoja atapiga simu, naye aliyepigiwa atampigia mwenziwe. Na kabla wakaguzi hawajamaliza chai yao zahanati imekwisha fagiwa, dawa zilizopitwa na wakati zimetolewa uani, na kijana apigaye sindano bila cheti ametumwa sokoni kununua vitunguu. Wakaguzi huandika, hutia sahihi, huondoka. Kesho yake kijana yupo pale pale na sindano yake.

Hatusemi haya kwa kuambiwa. Mwaka jana tulikuwa katika mji mmoja mdogo wa barabara kuu, ambao hatuna haja ya kuutaja, tumekwenda kwa kazi ya chama. Mwenzetu mmoja akashikwa na homa kali saa nane za usiku. Daktari wa zahanati ya hapo alifungua mlango, akamlaza, akamtundikia dripu, wala hakuuliza habari ya fedha. Asubuhi simu ikalia. Tukaambiwa tumtoe mgonjwa wetu tukae naye nyuma ya nyumba mpaka wageni waende zao, maana kitanda alicholalia hakimo katika kibali cha zahanati ile. Nasi tukamtoa. Mmoja wetu alishika chupa juu, mwingine akamshika mgonjwa bega, tukakaa chini ya mparachichi kama wezi wa kuku. Hakuna aliyetulazimisha. Tulitii kwa sababu daktari yule alikuwa ametutendea wema, na kwa sababu tulikuwa bado na deni lake.

Mtu aliyeko Dar es Salaam atasema wananchi wanaomficha daktari ni wajinga. La hasha! Mwananchi amepiga hesabu zake. Yeye anajua kwamba zahanati hii ikifungwa, ya pili yake iko mbali, na wakati wa masika njia za Kilolo, za Busokelo na za Makete si njia za kumpitishia mama mjamzito usiku. Mkaguzi ana karatasi ya kufunga, lakini hana karatasi ya kufungua nyingine. Basi mwananchi huchagua daktari mwenye kasoro kuliko kukosa daktari kabisa. Uchaguzi huo ni mbaya, lakini si yeye aliyeutengeneza.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Wakati wa Mwingereza hospitali zilikuwa na vyeo kwa rangi: Mzungu mahali pake, Mhindi mahali pake, na Mwafrika katika wodi za mwisho. Jimbo hili la Nyanda za Juu Kusini lilitegemea sana hospitali za misioni, Tosamaganga, Ilembula na nyinginezo, na wazee wetu wengi walizaliwa mikononi mwa masista. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 husemwa kwamba nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Baadaye sheria ya mwaka 1977 ikakataza matibabu ya kutafuta faida, ikayaachia mashirika ya dini na mengine yasiyo ya faida. Na mwaka 1991 sheria ikageuzwa, daktari akaruhusiwa kufungua mlango wake mwenyewe. Hatuulaumu mlango huo. Wengi wetu tumeponea humo. Lakini mlango wa biashara ukifunguliwa, lazima awepo wa kutazama mizani, kama vile tunavyotaka mizani ya mahindi na ya kahawa itazamwe.

Na watazamaji wapo. Iko Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, liko Baraza la Famasi, iko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba yenye ofisi ya kanda yetu mjini Mbeya, yuko Mganga Mkuu wa Wilaya. Kila mmoja ana siku yake na karatasi yake. Tena mwaka 2015 serikali ilianza kazi moja nzuri sana, ambayo wananchi wachache wanaijua: ilipima zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, za serikali na za binafsi, karibu 7,000 nchi nzima, na kuvipa nyota. Lengo lilikuwa vituo vingi vifike nyota tatu. Matokeo? Kiasi cha asilimia 34 havikupata hata nyota moja. Vilivyofika nyota tatu au zaidi vilikuwa asilimia 2 hivi. Serikali haikuficha aibu ile, na kwa hilo twaisifu. Maana vilipopimwa tena mwaka 2017/18, visivyo na nyota vilikuwa vimeshuka mpaka asilimia 4 hivi, na vya nyota tatu au zaidi vimepanda mpaka asilimia 20. Mficha maradhi kifo humuumbua, nao waliotoa maradhi nje walipata nafuu.

Sasa twauliza: wewe msomaji wa Mafinga, wa Tukuyu, wa Mbarali, zahanati unayompeleka mtoto wako ilipata nyota ngapi? Hujui. Sisi pia hatujui. Vibandiko vya vyama vya mpira vimejaa mlangoni, picha ya mgeni rasmi aliyezindua jengo iko ukutani ndani ya kioo, lakini hesabu ya kusema kama vyombo vya kuzalishia vinachemshwa sawasawa imefungiwa katika kabati la ofisi. Ukaguzi ambao mgonjwa haambiwi matokeo yake ni mazungumzo ya faragha baina ya mkaguzi na mwenye duka.

Na katika mikoa yetu jambo hili si la mchezo. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kwamba virusi vya UKIMWI viko katika watu wazima asilimia 12.7 Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, hali nchi nzima ni asilimia 4.4. Hatusemi kwamba sindano ndiyo iliyotuletea msiba huu. Kusema hivyo ni uwongo. Twasema kwamba mahali penye damu ya namna hiyo, sindano iliyotumika ikiachwa juu ya meza badala ya kutiwa katika sanduku lake, au taka za chumba cha kuzalishia zikitupwa jalalani ambako watoto huokota chupa, hilo si kosa dogo la kuandikiwa onyo kila mwaka. Kadhalika friji ya chanjo: chanjo nyingi hutaka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, na umeme wetu twaujua. Mama anabeba mtoto mgongoni maili tano, anachomewa maji yaliyokufa, anarudi nyumbani akishukuru.

Twataka nini basi? Twataka matokeo ya ukaguzi yabandikwe mlangoni, kwa Kiswahili chepesi, kwa maandishi ambayo mzee aweza kuyasoma bila miwani ya kuazima. Twataka mkaguzi asiondoke na kasoro zake mfukoni, bali aandike siku ya kurudi, arudi kweli, na asipige hodi kwa simu. Na kipimo kiwe kimoja. Haiwezekani zahanati ya Bwana fulani ifungwe kwa kukosa maji ya bomba, huku ya serikali upande wa pili wa barabara ikichota maji mtoni na kuandikiwa pongezi. Pale inapobidi kufunga, na pengine inabidi, wilaya iseme siku ile ile wagonjwa waende wapi na nani atawachukua. Hapo mwananchi ataacha kumficha daktari.

Na hapa hatuna budi kuwagusa wenzetu. Wako viongozi ambao mkaguzi akiandika neno gumu juu ya zahanati ya shemeji yao, simu hupigwa na neno hulainishwa. Hatukuapa kwa ajili ya kazi hiyo. Kiongozi atakayempigia simu mkaguzi ajue kwamba matawi yatauliza.

Katika mikutano ya matawi ya mwezi ujao, Mbeya na Iringa, twawaomba wanachama wamwalike Mganga Mkuu wa Wilaya na wamwulize swali moja tu, kwa heshima: nyota ngapi, na kwa nini hazimo mlangoni? Madaktari nao waalikwe, wasikilizwe, maana wana malalamiko yao juu ya karatasi nyingi na ada nyingi, na mengine ni ya haki. Sisi tutaanza na yule aliyetukalisha chini ya mparachichi. Deni la dripu tumekwisha mlipa.